Kadi ya Manowari kutoka Kariandusi

Siku mliyonikatia keki ya kustaafu pale ofisini, mmoja wenu, simtaji, alinivuta kando akaniambia, "Madam, tuandikie kitu kuhusu kazi, lakini tafadhali usianze na ulizaliwa wapi." Sawa. Nilizaliwa Njoro, hiyo imeisha. Vyeo nilivyopanda viko kwenye faili, mkitaka kaangalieni, ingawa ni faili nyembamba. Mimi nitawaandikia habari ya kadi moja. Nimekusanya maneno ya kamusi miaka thelathini na kitu, nimeandika kadi mpaka kidole cha kati kikaota sugu, na kati ya kadi zote hizo ni hii moja tu ambayo sikutaka mtu aione.

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa ghorofani hapa Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo. Asubuhi nzima tulinusa dawa ya kupe. Mhariri alikuwa Bwana Shee, mtu wa Lamu aliyekuja bara kwa mwaka mmoja akasahau kurudi. Baridi ya Nakuru hakuizoea hata siku moja. Alivaa sweta mbili, ya juu ikiwa na tundu kiwikoni, na chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukohoza farasi.

Siku yangu ya kwanza nilitarajia nipewe meza. Alinipa penseli, bunda la kadi, na kopo la pini.

"Wewe kazi yako ni kusikia," aliniambia. "Mtu akisema neno, unaandika kwa penseli kwenye kijikaratasi, vile vile alivyosema, hata kama kakosea, hata kama katukana. Kisha unamsomea. Akikubali ndivyo alivyosema, umemaliza. Ukirudi hapa ndipo unaandika kadi safi kwa wino, na kijikaratasi unakibana kwa pini nyuma yake. Umenifahamu, mwanangu?"

Nikasema nimefahamu.

"Kadi ni nguo ya Idi tu. Mwili ni kile kijikaratasi."

Kulikuwa na kanuni nyingine mbili. Maana mpya haikuingia kwenye kamusi mpaka tupate mashahidi watatu kutoka sehemu tatu tofauti. Na kila shahidi tulimwachia cheti cha asante, kipande cha karatasi chenye muhuri, jina lake, na namba ya kadi yake. Nyinyi siku hizi mnarekodi kwa simu, na mtu anabaki na nini mkononi? Hata muhuri hakuna. Haya, niendelee.

Neno langu la kwanza la kutumwa nje lilikuwa manowari. Bwana Shee alikuwa nalo tayari kutoka pwani, meli ya vita, na asili yake aliijua vizuri. Alinieleza kwamba Waingereza wa zamani, enzi za vyombo vya matanga, waliiita meli mtu. Ya mizigo ilikuwa mtu wa biashara, ya mizinga ilikuwa mtu wa vita. Watu wa pwani wakalisikia hilo jina la Kiingereza, man-of-war, wakalimeza zima zima, likatoka manowari. Waingereza hao hao wakampa jina hilo ndege mmoja wa baharini anayenyang'anya wenzake samaki hewani, wakampa pia mdudu fulani laini kama ute, anayeelea juu ya maji na kumchoma anayemgusa.

"Sasa neno limepanda reli likaja huku kwenu," akasema. "Huku hakuna bahari. Nataka kujua linakula wapi. Nenda Kariandusi, nasikia linatajwa kule."

Nilienda. Kariandusi, kwa wasiopajua, ni karibu na ziwa Elmenteita, kuna machimbo ya udongo mweupe, mwepesi kama unga, na mfanyakazi akitoka zamu anakuwa mweupe mpaka kope. Nilisimama langoni nikawauliza wanaume waliokuwa wakitoka kama wanalijua neno manowari. Walicheka, halafu wakanyamaza ghafla, na mmoja akanionyesha mwenzao aliyekuwa akinawa kwenye pipa.

"Muulize Ndirangu. Manowari ilikuwa yake."

Ndirangu wakati huo alikuwa kijana bado, mpole, si mtu wa maneno. Alinipeleka nyumbani kwake pale karibu. Mtoto mchanga wa kike alikuwa amelala kitandani, amefunikwa shuka. Akanieleza kwamba Manowari ni jina ambalo watu wa machimbo walimpa mke wake, Wairimu, na kwamba Wairimu alifariki kwa homa miezi mitatu iliyopita. Kisha akanisimulia jina hilo lilitoka wapi. Alisimulia akiangalia sakafu, na mara moja tu aliniambia, "Madam, andika pole pole." Niliandika. Nikamsomea. Akasema, "Ni hivyo tu."

Nilipompa cheti chake cha asante alikisoma mara mbili.

"Itaingia kitabu?"

"Itaingia."

"Na huyu mtoto akienda shule, atasoma?"

"Atasoma," nikamwambia.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaisema bila kuzunguka. Wiki ile ile alikuja ofisini mgeni wa Bwana Shee kutoka Mombasa, mtu wa kanzu safi na marashi. Nikamkaribisha, nikamwambia "weka kofia yako kwa meza, nitaleta kitabu yangu uandike jina." Alicheka mpaka akatoa leso. "Kitabu yangu!" alisema. "Shee, na huyu ndiye mtunga kamusi wako?" Bwana Shee hakucheka hata kidogo, alibadilisha mazungumzo. Lakini mimi nilienda chooni nikalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Kesho yake nikakaa na kadi safi na wino, maneno ya Ndirangu mbele yangu. Mke yangu. Ukuta iliniangukia. Nikamwona yule mgeni akitoa leso. Nikawaza, wacha hawa watu wa pwani wacheke mambo mengine, si huyu mtu wangu, na si mimi. Nikabana kijikaratasi nyuma kwa pini kama nilivyofundishwa, na mbele ya kadi, mahali pa sentensi ya shahidi, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Manowari ya adui imetia nanga bandarini." Chini yake, jina la Ndirangu wa Kariandusi.

Bwana Shee aliisoma kadi hiyo akiwa amesimama. Akavua miwani.

"Huyu bwana anachimba udongo mweupe," akasema. "Nanga kaiona wapi?"

"Kwa redio," nikajibu.

"Kwa redio." Akafuta miwani kwa ncha ya sweta. "Na kijikaratasi umekibana?"

"Nimekibana."

Hakugeuza kadi. Alikuwa na heshima yake ya ajabu katika hilo, hakusoma penseli ya mtu mbele yake. Alivuta droo ya chini, ile tuliyoiita droo ya wagonjwa, palipokaa kadi zenye mashaka, akaitia humo. "Ukiwa na la kunambia kuhusu huyu mgonjwa, mlango wangu uko wazi," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Mlango ulikuwa wazi kweli. Ulikuwa hata na jiwe la kuuzuia usijifunge. Miaka ilipita mimi nikipita mbele yake.

Kazi niliijua baadaye, na sitajidharau hapa. Nilijifunza kumwacha mtu aseme akosee. Nilijifunza kwamba ukimuuliza mtu "neno hili lina maana gani" anajikausha kama yuko mtihanini, lakini ukimuuliza "nani anaitwa hivyo hapa" mdomo unafunguka. Manowari nilizidi kuliwinda. Kule Sachangwan nilikuta ni jina la lori kuukuu la kuvuta malori yaliyokwama mlimani. Kule Lanet, penye kambi ya jeshi, mwanajeshi mstaafu aliniambia walimwita hivyo sajini mmoja aliyewabeba wenzake begani mazoezini. Sokoni hapa mjini alikuwako mama mmoja wa viazi, ambaye magunia ya jirani yakianguka barabarani anaacha yake na kwenda kuinua ya mwenzake, na hakuna dereva aliyethubutu kumpigia honi. Huyo naye, Manowari.

Kuhusu asili, kila mtu alikuwa profesa. Mwalimu wa madrasa aliniapia kwamba neno limetokana na nuru. Kijana wa chuo akasema ni la Wareno, na nilipomuuliza ushahidi akasema anahisi. Nilimletea Bwana Shee yote hayo, akacheka mpaka sweta zikapanda. Kisha akawa makini.

"Waingereza waliiita meli mtu," akasema. "Nyinyi huku mmemrudisha mtu, tena mtu mwema, anayewatoa wenzake taabuni. Hiyo ni maana nzuri, na ni ya kwenu. Lakini ya mtu nina mashahidi wawili tu, Lanet na soko. Lori silihesabu. Nahitaji wa tatu."

Aliniangalia. Mimi nikaangalia dirisha.

Shahidi wa tatu alikuwa kwenye droo ya chini, mita mbili kutoka miguuni mwangu. Kusema kulihitaji nikiri kwamba nimedanganya, na kila mwaka uliopita kukiri kulizidi uzito. Kamusi ikachapishwa. Manowari: meli ya vita. Basi. Nilipokea nakala yangu nikaipeleka nyumbani bila kuifungua.

Bwana Shee alipostaafu aliniachia droo yake ya wagonjwa ndani ya katoni ya sabuni, amefunga kwa kamba. "Hawa ni wako sasa, uwatibu," akanambia. Alirudi Lamu, na miaka michache baadaye tukapata habari kwamba ametutoka. Nililia tena, safari hii si kwa hasira. Katoni nikaiweka juu ya kabati, na nilipohamia Lanet nikahama nayo bila kuifungua.

Basi mwezi wa kwanza wa kustaafu kwangu, nikiwa bado naamka alfajiri kwa mazoea kisha nakumbuka sina pa kwenda, nyinyi mkanitumia mgeni. Mnamkumbuka yule dada aliyekuja ofisini na Biblia mkononi. Mlimpa namba yangu, akanipigia, akafika.

"Sasa mathe," akaniambia mlangoni, kama vijana wanavyowasalimu mama zao, halafu akashtuka mwenyewe. "Aki pole, nimezoea. Naitwa Nyambura. Natoka Kariandusi."

Nilijua kabla hajakaa. Akafungua Biblia akatoa kipande cha karatasi, kimekuwa cha manjano, kimekunjwa mpaka kimekatika katikati. Cheti cha asante. Muhuri wetu. Jina la Ndirangu. Namba ya kadi.

"Mimi mama yangu sikumjua," akasema. "Na baba si mtu wa kuongea. Ukimuuliza mama alikuwa aje, anasema alikuwa mtu mzuri, halafu anaenda kuangalia ng'ombe. Siku moja nikamsumbua sana, nikiwa darasa la tano, akaniambia, 'Mambo ya mama yako niliandikisha. Iko kwa kamusi. Utasoma.'"

Alicheka kidogo, akakunja uso.

"Nikamaliza W yote, mathe. Nikitafuta Wairimu. Nikaenda N, labda ameandikwa kwa jina ya baba. Kila kamusi nikipata kwa library ya shule natafuta. Nikadhani baba alinidanganya ninyamaze. Nilimkasirikia, wacha nikuambie ukweli, miaka mingi."

"Na sasa?"

"Sasa amepooza, tangu mwaka jana. Maneno imekataa. Anaelewa kila kitu lakini haiwezi kutoka. Juzi nilikuwa namtafutia mstari kwa Biblia yake, ndio nikapata hii. Sasa ni wewe tu. Baba alikuambia nini?"

Ningeweza kumwambia nimesahau. Na nilikuwa nimesahau, hilo ndilo baya zaidi. Nilikumbuka uso, nilikumbuka shuka, lakini maneno yenyewe ya Ndirangu sikuwa nayo hata moja zaidi ya yale mawili matatu yaliyonitia haya. Kilichobaki kichwani ni sentensi yangu ya nanga.

"Baba yako hakukudanganya," nikamwambia. "Mimi ndiye nilimdanganya." Nikamweleza yote, mgeni na leso, kadi, droo. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Hiyo katoni uko nayo?"

Tulisaidiana kuishusha. Kamba ya Bwana Shee ilikuwa ngumu ikabidi tuikate kwa kisu. Kadi niliipata kwa namba, karibu na mwisho. Mbele, nanga yangu na bandari yangu, kwa wino mzuri. Nikaigeuza. Kijikaratasi kilikuwepo. Pini ilikuwa imeshika kutu, na kutu ilikuwa imekula karatasi pale iliposhikilia, ikatoboa tundu na kuondoka na neno zima. Mengine yote yalisomeka.

Na pembeni, kwa penseli nyembamba ambayo haikuwa yangu, palikuwa na maneno matano. "Hili ndilo. Namngojea aseme mwenyewe."

Bwana Shee alikuwa amesoma. Sijui lini, labda jioni ile ile. Alijua miaka yote, akauacha mlango wazi, akanywa chai yake. Jamani. Nyambura alininyang'anya leso ili anifute machozi, na yeye mwenyewe alikuwa analia. Hatukusoma kwa sauti. Alisema, "Twende tusomee yeye. Yeye ndiye mwenyewe."

Tulienda siku iliyofuata. Mzee Ndirangu alikuwa ameketi nje kwenye kiti, blanketi miguuni, upande wake wa kushoto umelala. Nyambura alinielekeza kwamba baba akikataa kitu huinua mkono wa kulia. Akikubali hafanyi kitu. "Ni vile alikuwa hata akiwa mzima," akasema.

"Mzee, unanikumbuka?" nikamuuliza. "Mimi ni yule wa kamusi."

Macho yake yalinikazia. Mkono haukuinuka.

"Niliahidi mtoto atasoma. Sikuandika ulivyosema. Niliona haya ya Kiswahili chetu, yako na yangu, nikaandika uongo. Nimekuja kukusomea, halafu utaniambia kama ndivyo. Nisamehe."

Hakufanya kitu. Nikavaa miwani, nikasoma.

"Hapa manowari ni mke yangu. Hiyo siku alikuwa ananiletea chakula. Ukuta iliniangukia, wanaume wakakimbia kuita lori. Yeye hakukimbia. Alichukua..."

Hapo ndipo penye tundu. Nikasema kwa kukisia, "Alichukua jembe, akachimba..."

Mkono ukainuka.

"Koleo?"

Mkono ukainuka tena, juu zaidi.

"Alichimba na mikono, baba?" Nyambura akauliza.

Sasa mkono ulipiga kiti. Uso ulimwiva, mdomo ukahangaika upande mmoja, na mimi nikataka kumwambia basi mzee, acha, tutaliacha wazi. Nyambura akapiga magoti mbele yake. "Pole pole, baba."

"Su," akasema mzee. Akapumzika. "Su. Fu. Ria."

Nyambura aliinuka akaenda jikoni, akarudi na sufuria kuukuu, nyeusi, mdomo wake umepinda upande mmoja kama ulipigwa na jiwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita hapo miaka yote, akaniambia, na kila mara baba aliwafukuza, naye hakujua kwa nini. Kuku walikuwa wananywea maji humo. Aliifuta kwa leso yake, ndani na nje, akamwekea baba yake mapajani. Mzee akaweka mkono wake mzima juu yake.

Nilitoa penseli nikaandika neno mahali pake, juu ya tundu la kutu. Kadi mpya mtaiona mezani kwenu, namba ni ile ile, na kijikaratasi kiko nyuma. Huyo ndiye shahidi wa tatu. Mtakapotoa toleo jipya mtajua la kufanya, na mkimnyoosha hata neno moja nitatoka Lanet kwa miguu.

Kisha nikamsomea tena mwanzo mpaka mwisho, Nyambura akiwa ameegemea bega lake.

"Hapa manowari ni mke yangu. Hiyo siku alikuwa ananiletea chakula. Ukuta iliniangukia, wanaume wakakimbia kuita lori. Yeye hakukimbia. Alichukua sufuria, akamwaga chakula, akachimba mpaka akaona kichwa yangu. Msimamizi akasema huyu si bibi, huyu ni manowari. Ikabaki hivyo."

Nikangoja. Mkono wake ulikuwa juu ya sufuria, na haukuinuka.